Siku Tunu Alipozinduliwa

Tik. Kimya kidogo. Tik, tik. Kisha tik nyingine, polepole, kama mjusi anayehesabu mabati ya paa.

Umeme ulikuwa umekatika saa moja kasorobo jioni, ambayo ndiyo saa yake, nami nilikuwa nimeinama jikoni napapasa mwiko. Sauti ilitoka sebuleni. Sebule yetu haiko mbali. Ukinyoosha mkono kutoka jikoni unaigusa. Nikajua ni vizibo.

"Tunu, acha kibodi yangu."

"Sichezei, mama. Naandika."

"Unaandika nini gizani?"

"Jina langu. Nimefika kwenye N."

Nikamwacha afike kwenye U. Mtoto wa miaka saba anayeandika jina lake gizani, kwenye ubao uliogundishwa vizibo vya soda, utamgombeza kwa kosa gani? Isitoshe, katika nchi yetu nzima ubao ule ndio ulikuwa mahali pekee jina lake lilipokubali kuandikika.

* * *

Jina la nchi yetu silitaji. Siyo woga. Jina liko kwenye mapitio, kamati ya mapitio inasubiri kupata mwenyekiti, nami sipendi kumtangulia mwenyekiti. Ila niseme kwamba ni nchi nzuri, yenye amani na mabango mengi, na ina desturi moja ambayo nadhani majirani wanatuonea wivu: kitu hakipo mpaka kizinduliwe.

Kwa wenzetu daraja likishajengwa, watu wanapita. Kwetu hapana. Daraja la mtaani kwetu lilikaa miaka minne likiwa limekamilika, zege limekauka na taa zimefungwa, na sisi tukivuka mtoni chini yake kwa miguu, nguo tumezikunja hadi magotini, bila hata mmoja kuinua macho kulitazama. Lilikuwa halijakatiwa utepe. Mwaka juzi mvua ya kwanza ilinyesha kabla mgeni rasmi hajafika, na wizara ikatoa taarifa kwamba ule ulikuwa umande. Tulishukuru kwa ufafanuzi.

Basi, miaka saba iliyopita, siku ya Alhamisi, ukazinduliwa Mfumo Mkuu wa Taifa wa Kumtambua Kila Mtu. Utepe ulizungushwa viwanjani, sokoni, magerezani na hospitalini, na kila aliyekuwa amesimama ndani ya utepe ulipokatwa aliingia kwenye Mfumo akapewa namba. Mimi nilikuwa wodi ya wazazi. Nilikuwa nimejifungua Jumanne. Muuguzi alikuja akatuita wazazi wote kumi na mmoja tusimame barazani, utepe ulipo.

"Na watoto?" tukauliza.

"Waacheni, wamelala. Mgeni rasmi hapendi kelele."

Mkasi ukapita. Sisi tukawa watu. Wao wakaendelea kulala.

Waliozaliwa Ijumaa na kuendelea hawana tatizo lolote, maana wamezaliwa ndani ya Mfumo. Wale wenzake Tunu kumi wa wodini nao walipata ufumbuzi: mama zao walipojifungua tena, waliwaandikisha kama mapacha wa wadogo zao. Tunu hana mdogo. Baba yake ni dereva wa greda kwenye barabara ya kuelekea mpakani, na barabara ile kila ikikaribia mpaka, mpaka unasogezwa, kwa hiyo hajarudi nyumbani vya kutosha.

Ndiyo maana mwezi wa tisa nilisimama na Tunu mbele ya dirisha la Karani Kihwelo, katika jengo la Mfumo, ghorofa ya chini. Kihwelo ni kijana msafi, mwenye sauti ya upole. Aliandika jina, akasubiri, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Mama, mtoto hayupo."

"Huyu hapa, kaka. Ameshika dirisha lako."

Alimtazama Tunu, kisha akaitazama skrini, na niliona jinsi anavyoumia kuchagua. "Huyu namwona," alisema. "Lakini hayupo. Umesema kazaliwa Jumanne, na Mfumo umezinduliwa Alhamisi. Jumanne ile hakukuwa na kuzaliwa."

"Shule wamesema bila namba hawampokei. Mwaka jana walisema hivyo hivyo. Nikisubiri usajili wa mwakani, atakuwa na miaka minane."

"Minane haanzi darasa la kwanza. Kanuni inasema ameshakua."

"Ndiyo maana nimekuja leo, kaka."

"Bado una nafasi. Dirisha la shule tunalifunga Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, saa kumi kamili. Njoo naye akiwa amezaliwa."

Nilipogeuka nikaliona tangazo ukutani, limebandikwa juu ya tangazo la kukataza kubandika matangazo. *Mafunzo ya Kitaalamu kwa Waandaaji wa Programu za Seva za Taasisi Kubwa. Kundi la Jioni. Wahitimu watapewa ruhusa ya kuingia ndani ya Mfumo.*

Mimi elimu yangu yote nimeipata jioni. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na Tunu mgongoni, akinisaidia kulia kwenye hisabati. Nililisoma lile tangazo mara mbili. Kumbe kuna mlango, nikasema. Kumbe watu huwa wanaingia.

* * *

Kompyuta zilikuwepo. Nasema hivyo kwa sababu kuna wachochezi wanaosema serikali haikuleta. Zilikuwa hamsini, mpya, zimepangwa mezani katika ukumbi wa ghorofa ya tatu, kila moja imevaa nailoni yake, na utepe mmoja mwekundu umezizunguka zote.

"Zinasubiri uzinduzi," alisema Mkufunzi Lugendo. "Ni kompyuta za ngazi ya waziri. Mpaka Mheshimiwa Waziri apate nafasi, ruhusa ni kuzitazama tu. Kompyuta isiyozinduliwa ni kama bibi harusi mtarajiwa, unaisalimia kwa mbali."

Mkufunzi Lugendo alikuwa mtu mpole, mwenye suti moja na vyeti kumi na vinne. Alikuwa ameandaa programu nyingi maishani mwake, na alikuwa na matumaini ya kuona siku moja hata mojawapo ikiwashwa. Alituagiza kila mmoja atengeneze kibodi yake kwa malighafi za nyumbani. Hivyo ndivyo vizibo vilivyoingia katika taaluma. Kizibo cha soda ya machungwa ni irabu, kizibo cheusi ni konsonanti, na kizibo cha bia ni kwa ajili ya amri nzito kama kufuta.

Aliyekaa nami dawati moja ni Sakina Mbonde, fundi cherehani, mwanamke asiyenyamaza hata akiwa na pini mdomoni.

"Mama Tunu," aliniambia siku ya kwanza, "hii ya kwako ni kibodi au mbuzi ya nazi?"

"Ya kwako je, mbona ina vizibo vya bia peke yake?"

"Mume wangu ndiye mfadhili."

Tulikaa ukumbini watu thelathini tukibonyeza vizibo, tik tik tik, kama mvua ndogo ambayo bado haijatangazwa. Mkufunzi alipita katikati yetu amefumba macho, anasikiliza.

"Sakina, mstari wa nne umekosea."

"Mwalimu, umejuaje?"

"Umebonyeza ya bia. Umeifuta wilaya nzima."

Wiki ya tatu tukafika kwenye kiini cha somo. Mkufunzi alisimama mbele ya ubao, akanyoosha koti, akaanza kwa sauti ya hotuba.

"Ndugu washiriki, itifaki imezingatiwa. Seva ni ile kompyuta kubwa ambayo mwananchi haioni. Yeye analeta ombi, seva inarudisha jibu. Asiyesoma atadhani kazi yetu ni nyepesi: mtu anauliza, seva inatafuta, seva inajibu. Hayo ni mambo ya dukani. Unaomba chumvi unapewa chumvi. Taasisi kubwa haiendeshwi hivyo. Taasisi kubwa ina matabaka."

Akachora masanduku kumi na tisa, moja juu ya jingine, mpaka akahitaji kiti cha kupandia.

"Ombi linaanzia Mapokezi. Mapokezi hayajui chochote, kazi yake ni kupokea. Linakwenda Masijala linafunguliwa jalada. Masijala inalipeleka Dawati la Ushauri, ambalo linashauri lipelekwe Kamati Ndogo. Kamati Ndogo haina mamlaka ya kukubali wala kukataa, ila ina mamlaka kamili ya kuahirisha. Kila tabaka, kabla ya kusema na lililo juu yake, linasalimia. Kila tabaka likisalimiwa, linaitikia. Programu isiyosalimia haina malezi."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na kumbukumbu yenyewe, pale jina la mtu lilipoandikwa, ni wapi?"

"Tabaka la kumi na tisa." Aligonga juu kabisa, karibu na dari.

"Na ombi linafika lini?"

Mkufunzi alishuka kwenye kiti, akanitazama kwa huruma. "Dada yangu, wewe una haraka ya nini?"

Nilikuwa nimehesabu kalenda asubuhi ile. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Tulifundishwa pia lugha ya kitaalamu. Seva haisemi "kosa", inasema "changamoto". Haisemi "imeharibika", inasema "iko kwenye maboresho". Na neno ambalo programu ya serikali hairuhusiwi kulitamka kabisa, hata ikizidiwa, ni "hayupo". Mtu akitafutwa asionekane, jibu sahihi ni "mchakato wa kuwepo kwake unaendelea".

"Lakini mimi karani aliniambia hayupo," nilimnong'oneza Sakina. "Tena mbele ya mtoto."

"Karani ni binadamu, shoga. Hajasoma kozi."

Siku nyingine kijana mmoja akauliza tutaijaribu lini kazi yetu, tuone kama inafanya kazi. Mkufunzi alikwenda akafunga dirisha, kisha akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kuijaribu programu ya serikali ni kuishuku serikali. Kijana aliomba radhi kwa maandishi, nakala tatu.

* * *

Mimi sikuwa na nia mbaya. Naomba hilo lieleweke. Maharage yangu ni ya ile aina isiyoiva, na nilipokuwa nayasubiri jikoni nilichukua daftari la Tunu, nikaandika upande wa nyuma programu ya mistari tisa. Mstari wa kwanza unauliza jina. Mistari saba katikati inakwenda kumtafuta mwenyewe pale alipo. Wa mwisho unasema yupo au hayupo. Niliisoma mara kumi nikitafuta nilichosahau. Ilionekana fupi mno, kama nguo iliyorudi baada ya kufuliwa.

Kesho yake Mkufunzi aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole.

"Mapokezi yako wapi?"

"Sikuyaweka, mwalimu."

"Kamati Ndogo?"

"Mtu anauliza, programu inaangalia, inajibu."

"Inajibu tu." Aliliangalia darasa. "Hivi hivi. Bila kumwomba mtu."

Watu walicheka. Sakina naye alicheka, kisha akanikanyaga mguu kunipa pole.

"Sufuri," alisema Mkufunzi. Alikunja karatasi ile mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Hii ni hatari. Naihifadhi ili isionekane tena."

Lakini nilimwona. Alipofika mlangoni aliitoa, akaisoma tena taa ikiwa inafifia, midomo ikicheza kama mtu anayekumbuka wimbo wa utotoni.

* * *

Mheshimiwa Waziri wa Mifumo na Mambo Yanayofanana na Mifumo alipata nafasi Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Alitarajiwa saa tatu asubuhi, akawahi kufika saa saba mchana. Nilikwenda na Tunu, amevaa gauni la Idi la mtoto wa jirani. Kwanza sikuwa na wa kumwachia. Pili, dirisha la Kihwelo lilikuwa chini yetu, na lingefungwa saa kumi, na mimi siku ile nilikuwa nahitimu. Nilidhani nitapewa ile ruhusa ya kuingia kwenye Mfumo, niketi, niandike jina la mwanangu, nishuke ngazi. Hayo ndiyo yaliyokuwa matumaini yangu yote, na mpaka leo sioni kama yalikuwa makubwa.

Waziri alihutubia saa moja na nusu. Alisema nchi yetu sasa inaongoza katika nchi zote zinazofanana na yetu. Alikata utepe. Nailoni zilivuliwa moja moja, kila moja kwa makofi yake, na ilipofika ya hamsini viganja vilikuwa vinawaka.

"Sasa tuone matunda," alisema Waziri.

Matunda yalikuwa programu ya matabaka kumi na tisa, kazi ya darasa zima. Waziri mwenyewe aliandika jina lake, kwa kidole kimoja, huku wapiga picha wakimfuata kidole. Skrini kubwa ukutani ikasema: *Ombi limepokelewa kwa heshima.* Makofi. *Mapokezi yanaisalimu Masijala.* Makofi. *Masijala inaitikia na kuuliza habari za nyumbani.*

Makofi yakapungua. Saa tisa ilipita. Skrini ikasema: *Kikao cha Kamati Ndogo kimeahirishwa kwa kukosa akidi.*

"Akidi?" aliuliza Waziri. "Hiyo kamati si imo humo humo ndani ya kompyuta?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Mkufunzi, jasho likimtoka. "Tumezingatia uhalisia."

"Kwa hiyo mimi nipo au sipo?"

"Mchakato wa kuwepo kwako unaendelea, Mheshimiwa."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mkurugenzi Msaidizi, mwanamume mrefu aliyebeba mkasi juu ya mto mwekundu, alimtazama Mkufunzi jinsi mchinjaji anavyomtazama kuku wa sikukuu. Mkufunzi aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanijia.

"Mama Tunu. Andika ile."

"Si nilipata sufuri, mwalimu?"

"Andika, mama. Nina watoto."

Niliketi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugusa kibodi yenyewe. Ilikuwa laini, haikusema tik, nikawa nasita kila herufi nikidhani haijaingia. Nikaandika mistari yangu tisa. Nikaandika jina la Waziri. Skrini ikasema: *Yupo.*

Hakuna hata aliyekuwa amepepesa kope. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na Waziri akajipapasa kifua kama mtu aliyeletewa habari njema kutoka mbali.

"Jingine," alisema. "Weka la mtoto huyu hapa. Piga picha. Unaitwa nani, binti?"

"Tunu."

Niliandika. T, U, N, U.

*Hayupo.*

Neno lilikaa pale ukutani, kubwa, herufi nyeusi juu ya picha ya bendera ya taifa. Mkurugenzi Msaidizi alisogea. "Mheshimiwa, programu ya huyu mama ina changamoto."

Nilitazama saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Ningeweza kunyamaza, nikapata cheti changu, nikarudi nyumbani na mtoto asiyekuwepo.

"Mheshimiwa, haina changamoto," nilisema. "Mtoto hajazinduliwa."

Nikamweleza. Jumanne, Alhamisi, baraza la hospitali, watoto wamelala. Waziri alisikiliza akitikisa kichwa. Hakuona chochote cha ajabu. Ni mtu wa taratibu. Aliutazama utepe mwekundu uliokuwa umeanguka sakafuni, bado mrefu, bado mzuri. Kisha akautazama mkasi. Siku ile alikuwa amezindua kitu kimoja tu.

"Tatizo," alisema, "mimi kisheria sizindui watu. Watu ni ngazi ya juu yangu. Mimi nazindua miradi."

"Basi awe mradi," alisema Sakina kutoka safu ya tatu.

Waligeuka kumtazama. Naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza.

Mkurugenzi Msaidizi alikuwa ameshatoa fomu. "Jina la mradi?"

"Tunu," nikasema.

"Mkandarasi?"

"Ni mimi."

"Mbia?"

"Yuko barabarani, kwenye greda."

"Muda wa utekelezaji?"

"Miaka saba."

"Hali ya mradi." Hapo hakuniuliza. Aliandika mwenyewe, akisoma kwa sauti: "Umekamilika kwa asilimia mia moja. Kisichokamilika hakizinduliwi." Ningepaswa kulitegea sikio neno lile. Sikulitegea. Nilikuwa natazama saa.

Walimfunga Tunu utepe kiunoni, fundo la kipepeo. "Mama," aliniuliza, "nisimame wima?" Nikamwambia simama wima. Waziri alikata. Tunu alifumba macho mkasi ulipopita, akayafumbua, akajitazama tumboni kuona kilichobadilika.

Niliandika tena. T, U, N, U.

*Yupo.*

Sikungoja makofi. Nilimshika mkono tukashuka ghorofa tatu, utepe ukipepea nyuma yake, na tukamkuta Kihwelo ameshika kitasa cha dirisha.

"Amezaliwa?" aliuliza.

"Amezinduliwa."

Aliangalia skrini, na uso wake ukafunguka, maana kwa mara ya kwanza alichokiona dirishani na alichokiona kwenye skrini vilikubaliana. "Hongera, mama," alisema, akigonga muhuri. "Mradi mzuri."

* * *

Mwezi wa kwanza Tunu alianza darasa la kwanza. Sare alimshonea Sakina, na kwa kuwa kanuni inataka kila mradi uwe na kibao kinachoonyesha nani ameuzindua na lini, Sakina alikitarizi kwenye kitambaa kidogo akakishona ndani ya kola, upande usioonekana, ili kisimkwaruze. Asubuhi mwalimu wake, Bi. Nang'ombe, akiita majina husema, "Abasi, Asumini, Mradi Namba Themanini na Nane," na Tunu huitika "nipo" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mimi nilipewa cheti cha ushiriki. Programu yangu waliichukua, ila waliona inajibu haraka kiasi cha kuwatia wananchi wasiwasi, wakaiongezea tabaka moja la kusubiri. Mkufunzi Lugendo alipandishwa cheo. Alinitumia ujumbe: *Nimeona moja ikiwashwa.* Nikamjibu ahsante.

Wiki ya sita nikaletewa barua. Kamati ya Tathmini ya Miradi Iliyozinduliwa itatembelea shuleni, na mkandarasi anatakiwa kuwepo.

Walikuja wanne, na futi kamba, na jalada. Walimsimamisha Tunu mbele ya darasa, wakampima urefu, wakasoma kibao cha kwenye kola, wakagonga dawati lake kusikiliza kama ni imara. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa miwani mizito, alifungua jalada, akafuata mstari kwa kidole.

"Mradi umekamilika kwa asilimia mia moja," alisoma. "Safi sana. Hongera, mkandarasi."

"Ahsante, mzee," nikasema.

"Sasa mradi uliokamilika unafanya nini darasani?"

Sikuelewa. Bi. Nang'ombe alielewa kabla yangu. Niliona chaki ikimponyoka.

"Darasa ni la wanaoendelea," alieleza Mwenyekiti, bila ubaya wowote. "Huyu ameshakamilika. Mradi uliokamilika unakabidhiwa kwa wananchi, na wewe ni mwananchi. Utasaini hapa, utaondoka nao leo. Dawati litapewa mwingine."

"Mzee, anajifunza kusoma. Amefika kwenye silabi."

"Mama, mimi siwezi kubishana na jalada. Wewe unaweza?"

Kusema jalada limekosea ni kusema Waziri alizindua kisichokamilika, na aliyewahi kusema hivyo sijui siku hizi anaishi wapi. Nikamtazama Bi. Nang'ombe, naye akatazama sakafu. Mmoja wa wanakamati alinishikisha kalamu, akanionyesha penye nukta za kuwekea saini.

Tunu alikuwa bado amesimama wima, kama nilivyomfundisha, futi kamba ikining'inia begani mwake. Alimtazama Mwenyekiti, akalitazama jalada, kisha akainua uso.

"Mimi bado nakua," alisema.